Terabaiti 3 Ndani, Mita 33 Mbele

Saa tatu na robo asubuhi, mlangoni pa chumba cha seva cha ofisi moja ya Industrial Area, Nairobi, mhasibu anaulizia orodha ya mishahara ya Machi 2019. Wakaguzi wa hesabu wanaisubiri. Faili lenyewe ni dogo, kilobaiti 40, ila halimo tena kwenye seva. Limo kwenye utepe wa sumaku, ndani ya katriji ya LTO-8, kizazi cha nane cha tepe za LTO za kuhifadhia nakala. Kijana wa IT anaitia katriji kwenye draivu, anachapa amri ya tar, programu ya kufungasha na kufungua mafaili, na draivu inaanza kuvuma.

Saa nne inapita. Saa tano inapita.

"Kijana wangu, hiyo mashine imekwama?"

"Haijakwama, madam. Inasoma."

"Inasoma nini muda wote huo? Mimi nimeomba faili moja."

Faili lilitoka saa tano na dakika 34.

Swali hilo la mhasibu limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, kwa sababu lilistahili jibu refu kuliko lililopewa. Draivu haikuwa mbovu. Ilikuwa ikisoma megabaiti 360 kila sekunde, kasi ambayo diski ya kuzunguka ndani ya seva jirani haiifikii. Ilipitia terabaiti 3 bila kosa. Na faili lililokuwa likitafutwa, kwa vipimo vya utepe wenyewe, lilikuwa mita 33 tu kutoka mahali draivu ilipoanzia.

Mita 33. Draivu ya aina hiyo huzipita kwa sekunde chache.

Sasa zile saa mbili na ushei zilikwenda wapi?

## Kilomita moja kasoro

Kaseti ya muziki ina magurudumu mawili. Katriji ya LTO ina moja. La pili limo ndani ya draivu. Mwanzoni mwa utepe pana kipini kidogo cha chuma. Draivu hukinasa, hukivuta hadi kwenye gurudumu lake, na kuanzia hapo utepe huhama kutoka gurudumu moja kwenda jingine huku ukipita mbele ya kichwa cha kusomea. Utepe wa LTO-8 una upana wa milimita 12.65 na urefu wa mita 960.

Upana huo umegawanywa kwa makini. Kuna mikanda 5 ya mwongozo iliyoandikwa kiwandani, ambayo kichwa huifuata ili kisipotee njia, na katikati yake mikanda 4 ya data. Kichwa huandika njia 32 kwa mpigo mmoja, kutoka mwanzo wa utepe hadi mwisho. Kikifika mwisho, utepe haurudishwi bure. Kichwa husogea pembeni kidogo mno, kisha utepe ukirudi kinaandika njia nyingine 32. Halafu kwenda tena, na kurudi tena. Njia zote ni 6,656, kwa hiyo safari ni 208, yaani 52 katika kila mkanda wa data.

Terabaiti 12 ukizigawa kwa safari 208 unapata gigabaiti 57.7 hivi kwa safari moja.

Chukua sasa mafaili matatu. La kwanza limeandikwa baada ya gigabaiti 2, la pili baada ya 57, la tatu baada ya 113. Kwa mfuatano wa kuandikwa, la pili liko katikati. Kwa mita, la kwanza liko kwenye mita 33, la pili kwenye mita 948, na la tatu limerudi hadi mita 40. La kwanza na la tatu, yaliyotenganishwa na gigabaiti 111, ni majirani wa mita 7.

Safari ya 52 ni ya kurudi. Inaishia pale pale utepe ulipoanzia, terabaiti 3 zikiwa zimekamilika. Faili la mishahara lilikuwa gigabaiti 2 tu kabla ya kituo hicho.

(Hesabu hii ni ya data isiyobanwa. Draivu ikibana data, mafaili huangukia mita nyingine, lakini mwendo wa kwenda na kurudi haubadiliki.)

Watu wengi wanaosimamia draivu hizi wanaamini kwamba utepe ni mstari mmoja mrefu, na kwamba cha mwisho kuandikwa ndicho kilicho mbali zaidi. Imani hiyo ndiyo inayowafanya wakubali kusubiri bila kuuliza.

## Utepe haujui majina

Utepe unatambua vitu vitatu: bloku (kipande cha data kinachoandikwa kwa pamoja), alama ya faili, na alama ya mwisho wa data. Bloku zina nambari, kuanzia sifuri. Alama ya faili hutenga kundi moja la bloku na jingine. Alama ya mwisho huonyesha kwamba mbele ya hapo hakuna kitu. Hakuna jina, folda wala tarehe. Hayo yote ni ya programu iliyoandika, na kwa utepe ni baiti kama baiti nyingine.

Programu ya tar ilibuniwa kwa ajili ya utepe. Mbele ya kila faili huweka utangulizi mfupi wenye jina, ukubwa na mwenye faili, kisha yaliyomo, kisha utangulizi wa faili linalofuata. Haina orodha mwanzoni wala mwishoni. Ukiiomba faili moja bila kuiambia liko wapi, itasoma kuanzia la kwanza hadi ilifikie. Ndiyo maana hata ukilipata faili lako haitasimama. Kwake, huenda jina lilelile likatokea tena mbele.

Draivu, kwa upande wake, inajua kuruka. Ndani ya katriji kuna chipu ndogo isiyo na betri, inayosomwa kwa mawimbi ya redio, ambamo draivu huandika bloku zipi ziko katika safari ipi. Ukiipa nambari ya bloku, inaangalia chipu, inakadiria mita, inakimbiza utepe hadi karibu na hapo, inapunguza mwendo na kusoma mpaka bloku yenyewe. Kutoka ncha moja ya utepe hadi nyingine ni kama dakika moja na nusu.

Kilichokosekana asubuhi ile ni nambari moja.

Nambari hiyo hupatikana siku ya kuandika, na ukiikosa siku hiyo utailipia baadaye kwa masaa. Hivi ndivyo inavyochukuliwa:

```
mt -f /dev/nst0 tell
tar -b 2048 -cvRf /dev/nst0 /data > orodha.txt
```

Amri ya kwanza inatoa nambari ya bloku pale utepe ulipo sasa, iandike. Katika ya pili, herufi R inaweka nambari mbele ya jina la kila faili ndani ya orodha.txt. Nambari hiyo huhesabu vipande vya baiti 512. Kwa kuwa -b 2048 inatia vipande 2,048 katika kila bloku ya utepe, gawanya kwa 2,048, tupa desimali, jumlisha ile nambari ya tell. Kama orodha inaonyesha 5855468750 na utepe ulianza kwenye sifuri, unapata bloku ya 2,859,115. Siku ya kurejesha:

```
mt -f /dev/nst0 seek 2859115
tar -b 2048 --occurrence=1 -xvf /dev/nst0 data/mishahara/2019-03.xlsx
```

tar italalamika kwamba imeanzia katikati na kwamba inarukia utangulizi unaofuata. Iache ilalamike. Ukiona imelipita faili, rudi bloku moja nyuma na urudie. Ile --occurrence=1 ndiyo inayoisimamisha ikishalipata.

Hatari mbili ziko hapa, na zote nimeziona zikiwagharimu watu wenye ujuzi. Ya kwanza ni herufi n. Kifaa /dev/st0 hurudisha utepe mwanzoni kila amri inapokwisha. Kifaa /dev/nst0 huuacha ulipo. Mtu akiandika nakala ya Jumatatu na ya Jumanne mfululizo kwa st0, ya Jumanne inaanzia bloku sifuri na kuikalia ya Jumatatu. Na hakuna kuokoa mkia wa ya Jumatatu hata kama ya Jumanne ni fupi, kwa sababu draivu huweka alama ya mwisho wa data mara tu baada ya bloku ya mwisho iliyoandikwa, na haikubali kusoma ng'ambo ya alama hiyo. Katikati ya utepe hakuna kuandika upya. Ukiandika hapo, umekata kila kilicho mbele.

Ya pili ni ukubwa wa bloku. Utepe ulioandikwa kwa bloku za mebibaiti 1 (baiti 1,048,576) ukisomwa kwa tar isiyoambiwa chochote, ambayo hutarajia bloku za kilobaiti 10, Linux hutoa ujumbe kwamba kumbukumbu haitoshi. Mtu anaanza kuongeza RAM kwenye seva. RAM haihusiki kabisa. Bloku iliyo kwenye utepe ni kubwa kuliko chombo kilichotayarishwa kuipokea. Rudisha -b ileile iliyoandikia. Ndiyo maana ukubwa wa bloku unapaswa kuandikwa kwenye lebo ya katriji, karibu na tarehe.

Tangu LTO-5, mwaka 2010, utepe unaweza kugawanywa sehemu mbili: moja ya orodha, nyingine ya data. Mfumo wa LTFS hutumia mgawanyo huo, na katriji inaonekana kwenye kompyuta kama folda ya kawaida. Ni msaada mkubwa, nami naupendekeza kwa anayehifadhi video. Lakini ukifungua folda hiyo kwa programu inayotaka kuonyesha picha ndogo ya kila faili, draivu itakimbia huku na huko kilomita nzima kwa ajili ya picha ambazo hukuziomba. Zima kipengele hicho kwanza.

## Vituo vya Thika Road

Hadi hapa ni faili moja. Wakaguzi huomba 300.

Ukiyaomba kwa alfabeti, kama orodha inavyokuja kutoka kwa mhasibu, kila faili ni mruko. Tuseme kila mruko ni nusu dakika hadi dakika nzima. Mafaili 300 yatachukua kati ya saa mbili na nusu na saa tano, na muda karibu wote huo utepe utakuwa ukikimbizwa bila kusomwa. Kumbe kusoma terabaiti zote 3 kwa mfululizo, pamoja na mamilioni ya mafaili yasiyohitajika, ni saa mbili na dakika 19.

Hesabu hiyo ilibadilisha namna ninavyoifikiria asubuhi ile. Kijana wa IT hakuwa mjinga. Alitumia mbinu iliyo sahihi kwa mafaili mia chache, akaitumia kwa faili moja.

Kwa mafaili 300 kuna njia bora kuliko zote mbili: yapange kwa nambari ya bloku kabla ya kuyaomba. Matatu ikitoka mjini haiwashushi abiria kwa alfabeti, Allsops kwanza, kisha Githurai, irudi Muthaiga, irudi tena Ngara. Inawashusha Ngara, Pangani, Muthaiga, Allsops, Roysambu, Githurai, kwa sababu barabara ndiyo iliyopanga. Orodha iliyopangwa kwa bloku inapunguza kila mruko hadi umbali wa kutoka kituo kimoja hadi kinachofuata, na utepe haurudi nyuma bila sababu.

Lakini kumbuka barabara hii inapinda. Faili la gigabaiti 2 na la gigabaiti 113 ni majirani wa mita 7, na mpangilio wa bloku peke yake hauoni ujirani huo. Baadhi ya draivu za LTO-9 zinaweza kupokea orodha nzima ya maombi na kuirudisha ikiwa imepangwa kwa mita halisi, kwa sababu draivu ndiyo inayojua kila safari inageukia wapi. Programu ya nakala lazima iwe inajua kuomba huduma hiyo. Kabla ya kununua, muulize muuzaji kuhusu programu, kwani draivu peke yake haitoshi.

## Babu, baba, mwana

Kwa nini tulisahau kupanga? Nadhani ni kwa sababu diski ilitupa nafasi ya kusahau.

Draivu ya UNISERVO ya kompyuta ya UNIVAC I ilianza kazi mwaka 1951, ikitumia utepe wa chuma, herufi 128 kwa inchi. IBM ilifuata na draivu ya 726 mwaka 1952. Diski ya kwanza ya kibiashara, ya mashine ya RAMAC, ilikuja 1956. Katika miaka hiyo ya mwanzo, na kwa miaka mingi baadaye, mishahara ya mashirika makubwa ilitengenezwa kwa utepe mtupu, bila mahali popote pa kuruka.

Iliwezekanaje? Utepe mmoja ulikuwa na wafanyakazi wote, wamepangwa kwa nambari zao. Utepe wa pili ulikuwa na mabadiliko ya mwezi: aliyepandishwa cheo, aliyeacha kazi, saa za ziada. Huo nao ulipangwa kwanza kwa nambari zilezile. Kisha kompyuta ilisoma tepe mbili sambamba, mfanyakazi mmoja baada ya mwingine. Kama nambari zimelingana, ilirekebisha. Kama hazikulingana, ilinakili jinsi ilivyo. Matokeo yalikwenda kwenye utepe wa tatu, mpya. Hakuna kurudi nyuma hata mara moja.

Na utepe wa zamani ulibaki mzima. Huo ni baba, na mpya ni mwana. Wa mwezi uliotangulia ni babu. Mwana akiharibika, unamchukua baba pamoja na mabadiliko ya mwezi, unamtengeneza tena. Ofisi zilihifadhi vizazi vitatu, na mpango huo wa babu, baba na mwana bado umo katika programu nyingi za nakala leo, ingawa siku hizi majina hayo hupewa nakala za mwezi, wiki na siku.

Hifadhidata nyingi za sasa hufanya karibu kazi ileile kimyakimya. Hukusanya mabadiliko kwenye RAM, huyapanga, huyaandika kwa mfululizo, kisha huunganisha mafungu ya zamani na mapya. Zinafanya hivyo hata kwenye diski, na sababu yake ni hesabu fupi. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika inamaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3, hivyo kwa wastani husubiri nusu yake, 4.2. Ongeza milisekunde 8 hivi za kusogeza mkono. Unapata kama maombi 80 kwa sekunde. Kila ombi likiwa la kilobaiti 4, hiyo ni kilobaiti 320 kwa sekunde, kutoka kwa diski ambayo ikisoma mfululizo hutoa megabaiti 200.

Ni chuma kilekile, na tofauti ni zaidi ya mara mia sita. Utepe unaionyesha tu waziwazi zaidi.

## Draivu yenye njaa

Hesabu hiyo ya diski ndiyo chanzo cha ugonjwa wa pili wa utepe, na huu unaua vifaa.

Draivu haiwezi kuandika polepole kadiri upendavyo. Ina mwendo wa chini kabisa, kwa draivu nyingi takriban robo hadi theluthi ya kasi yake ya juu kutegemea aina. Data ikija chini ya hapo, bafa (kumbukumbu ya muda ndani ya draivu) inakauka, draivu inasimamisha utepe, inaurudisha nyuma, inasubiri bafa ijae, inaanza kuukimbiza tena ili uwe na kasi kamili kabla ya kufika pale ulipoachia. Ukirudia hilo usiku kucha, utepe unasuguliwa sehemu ileile mara elfu, na kichwa pamoja na mota vinachakaa.

Utaisikia. Draivu isiyo na njaa huvuma kwa sauti moja ndefu. Draivu yenye njaa inavuma, inakata, inagugumia, inavuma tena.

Kinachosababisha kwa kawaida ni folda yenye mamilioni ya mafaili madogo kwenye diski ya kuzunguka: risiti zilizoskaniwa, barua pepe, picha za vitambulisho. Maombi 80 kwa sekunde ya mafaili ya kilobaiti 40 ni megabaiti 3.2. Draivu inataka mia moja na zaidi. Dawa nzuri kuliko zote ni kukusanya kwanza kwenye SSD (diski isiyozunguka), kutengeneza faili moja kubwa la tar, kisha kulituma kwenye utepe kwa pumzi moja. Mafaili yakiwa makubwa kidogo na diski ikitoa walau megabaiti 50, RAM inaweza kusaidia, kupitia programu ya mbuffer:

```
tar -b 2048 -cf - /data | mbuffer -m 8G -P 90 -s 1M -o /dev/nst0
```

Hapa gigabaiti 8 za RAM zinajazwa hadi asilimia 90 ndipo uandishi unaanza. Kwa megabaiti 50 kwa sekunde kutoka diski, kujaza huchukua dakika mbili na nusu, na draivu ikiandika kwa 300 inakula akiba hiyo kwa nusu dakika. Badala ya kusimama kila baada ya sekunde chache, inasimama mara moja kila dakika tatu.

Stima nayo. Umeme ukikatika katikati ya uandishi, kilichokuwa kwenye bafa kimepotea, na alama ya mwisho wa data haijaandikwa. Draivu na seva zote mbili ziwe kwenye UPS (betri ya akiba), na UPS iwe na uwezo wa kuiambia seva ifunge kazi kwa utaratibu. Usiku wa Agosti 25, 2023, Kenya karibu nzima ilipokosa umeme kwa masaa, UPS ya dakika kumi isiyoongea na seva isingefaa kitu.

## Shaka mbili

Ya kwanza: je, ofisi ya Nairobi inahitaji utepe, wakati wingu (hifadhi ya mtandaoni) lipo?

Kwa anayehifadhi gigabaiti mia tano, nasema hapana, na gharama ya draivu haitarudi kamwe. Kwa anayehifadhi makumi ya terabaiti, piga hesabu ya kurejesha. Terabaiti 12 kupitia laini ya megabiti 100 kwa sekunde ni siku 11, kama laini haitashuka wala kukatika. LTO-8 inazisoma kwa saa tisa na robo. Na katriji iliyo kabatini haifikiwi na mdukuzi wala na programu yenye kasoro. Februari 2011, kasoro katika programu ya hifadhi ya Google ilifuta barua pepe za asilimia 0.02 hivi ya watumiaji wa Gmail, pamoja na nakala zao zilizokuwa kwenye diski. Barua hizo zilirudishwa kutoka kwenye tepe, kwa sababu tepe hazikuwa zimeunganishwa na chochote.

Shaka ya pili ni nzito zaidi, na ilinichukua muda. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuomba data yake ifutwe katika hali fulani. Utepe hauwezi kufuta kitu kilicho katikati. Mteja mmoja kati ya laki moja akiomba kufutwa, huwezi kumtoa bila kuandika upya terabaiti 12.

Kuna njia inayofanya kazi, lakini lazima iamuliwe kabla ya kuandika. Data ya kila kundi husimbwa, yaani hufichwa kwa msimbo, kwa ufunguo wake kabla ya kufika kwenye utepe, na funguo hutunzwa kwingine. Muda wa kuhifadhi ukiisha, unaharibu ufunguo, na baiti zilizobaki kwenye utepe hazisomeki tena na yeyote. Kwa mtu mmoja mmoja, weka daftari la waliofutwa, na lipitishwe kila mara nakala inaporejeshwa, kabla ya mfumo kufunguliwa kwa watumiaji. Draivu za LTO-4 na za baadaye zinaweza kusimba zenyewe, ila ufunguo mmoja kwa katriji nzima hautatui ombi la mteja mmoja.

Ufunguo ukipotea kwa bahati mbaya, hakuna fundi wa Luthuli Avenue, Nairobi, wala wa ng'ambo atakayeirudisha data hiyo.

## Kabati, gari na sumaku

Kwa kuhifadhi miaka mingi, watengenezaji wanataka nyuzi 16 hadi 25 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Joto la Nairobi linatosheleza karibu mwaka mzima. Unyevu wa Aprili hautoshelezi, kwa hiyo kabati liwe mbali na ukuta wa nje, na kipima unyevu kiwe ndani ya kabati lenyewe.

Gari lililoegeshwa juani Mombasa Road hupita kiwango hicho mchana mmoja. Katriji zisafiri ndani ya kasha, zikiwa zimesimama wima, na zikifika zipumzike kwenye chumba cha draivu hadi saa 24 kabla ya kusomwa. Iliyoanguka ichunguzwe kwanza: inua kifuniko kidogo, tazama kama kipini cha chuma kimekaa mahali pake. Kikiwa kimechomoka, usiitie kwenye draivu, kwani utaharibu vyote viwili.

Katriji ya kusafishia hutumika kama mara 50, na itumike draivu inapoomba tu. Kusafisha kila wiki kwa mazoea kunakwangua kichwa. Usifute katriji ya LTO kwa sumaku kubwa ukitarajia kuitumia tena. Ile mikanda 5 ya mwongozo nayo itafutika, na hakuna draivu inayoweza kuiandika upya. Katriji mpya ya LTO-9 ikiingizwa kwa mara ya kwanza hujipima, wastani wa dakika 40 na pengine hadi saa mbili. Watu wameirudisha dukani wakidhani ni mbovu. Ziingize mpya zote Jumamosi, kabla ya kuzihitaji.

Na usiamini ile terabaiti 30 iliyoandikwa kwenye boksi la LTO-8. Ni makadirio ya data inayobanika mara mbili na nusu. Video, JPEG na data iliyokwisha kusimbwa hazibaniki. Panga bajeti kwa 12.

## Draivu ya LTO-7

Hadi LTO-7, draivu zilisoma vizazi viwili vya nyuma. LTO-8 ilivunja utaratibu huo: inasoma LTO-7 na LTO-8 peke yake. LTO-9 inasoma LTO-8 na LTO-9. Kabati lenye katriji za LTO-5 na LTO-6, za kuanzia 2010 na 2012, halisomeki na draivu mpya ya leo, hata kama utepe wenyewe una miaka mingi ya uhai iliyobaki.

Draivu ya LTO-7 inasoma LTO-5, LTO-6 na LTO-7. Kama ofisi yako inayo, usiiuze unapopandisha kizazi. Katriji 40 za LTO-6 zilizojaa, terabaiti 2.5 kila moja, zikisomwa kwa megabaiti 160 kwa sekunde, zinahitaji saa 4 na dakika 20 kila moja: zaidi ya siku saba za draivu bila kupumzika, bila kuhesabu muda wa kubadilisha katriji usiku. Anza na za zamani zaidi, zitue kwenye diski kwanza, linganisha hesabu za ukaguzi (checksum) za kila faili, na wakati wa kuziandika upya kwenye kizazi kipya, chukua nambari za bloku.